SOMO: KUJENGA UPYA BAADA YA KISULISULI

Katika somo hili tuutazame mji mdogo wa wakulima uitwao Greensburg, katika jimbo la Kansas, Marekani. Usiku wa tarehe 4 Mei, 2007, kisulisuli chenye upana wa zaidi ya kilomita 2 kiliupiga mji huo. Ving'ora vilikuwa vimelia mapema, na wengi wakakimbilia vyumba vya chini ya ardhi. Hata hivyo watu wapatao 11 walikufa, na zaidi ya majengo 9 katika kila 10 yaliharibika.

1. Walikutana kwanza

Kwa kuwa hapakubaki jengo la kukutania, wenyeji walikusanyika chini ya hema kubwa. Jambo la kuamua lilikuwa zito. Hata kabla ya msiba huo watu walikuwa wakipungua, maana vijana walihama. Je, ilifaa kujenga tena? Na kama ilifaa, je, wajenge kama zamani?

2. Walijenga vizuri kuliko mwanzo

Baraza la mji liliamua kwamba majengo yake makubwa yajengwe kwa kipimo cha juu kabisa cha kutunza umeme na maji. Hakuna mji mwingine wa Marekani uliotangulia kuamua hivyo. Shule na hospitali mpya zilifunguliwa mwaka 2010. Nje ya mji ilisimamishwa mitambo 10 ya kufua umeme kwa nguvu ya upepo.

3. Si wote waliorudi

Kabla ya kisulisuli mji ulikuwa na watu wapatao 1,400. Hesabu ya mwaka 2010 ilikuta 777, na ya mwaka 2020 ilikuta 740. Kwa mtu mzee, kuanza upya ni mzigo mkubwa. Basi tujifunze kwamba majengo mazuri peke yake hayarudishi watu. Lakini tusisahau kwamba mji uliokuwa kifusi una shule na hospitali, na waliobaki wanaendelea kuishi pale.

Maswali ya kujadiliana

(a) Upepo ukiezua mapaa kwetu, nani huitisha mkutano, na nani husahauliwa?
(b) Tunaporudishia mabati, tuyafungeje ili yasing'olewe tena?
(c) Mjane au mzee asiyeweza kujenga, tumsaidieje ili asilazimike kuhama?