MAFUTA YA KARAFUU SI YA KUNYWA

Baadhi ya wanachama watuuliza kama matone ya mafuta ya karafuu yakinywewa kila siku huzuia uvimbe wa matumbo. Jawabu letu: jambo hilo halijathibitishwa kwa binadamu.

Natutazame manjano, jirani wa karafuu jikoni. Ndani yake mna kurkumini, ndiyo iletayo ile rangi. Panya waliozaliwa na maradhi ya uvimbe wa matumbo walipolishwa kurkumini, uvimbe ulipungua. Mwaka 2006 ikatangazwa habari ya wagonjwa 5, wenye maradhi ya kurithi ya namna hiyo, waliopewa kurkumini pamoja na kwasetini, ambayo imo katika vitunguu. Vinundu vyao vilipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini watano ni wachache, tena hawakuwa na wenzao wa kulinganishwa nao. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya wagonjwa 44: wengine walimeza kurkumini mwaka mzima, wengine vidonge visivyo na dawa. Haikuonekana tofauti yoyote.

Basi ikiwa manjano, iliyochunguzwa sana, imefika hapo, karafuu tuiseme vipi? Mafuta ya makonyo zaidi ya robo tatu yake ni eujenoli, na watoto waliokunywa kiasi cha vijiko viwili vya chai wameharibika ini. Yafungwe chupani, yawekwe mbali nao. Karafuu ya pilau na chai haina neno.

Mwenye kuona damu chooni, au ambaye mzazi wake aliugua saratani ya utumbo, na aende hospitali akapimwe. Kinundu kikionekana mapema hukatwa kabla hakijageuka saratani.