Kususia au Kuingia? Somo la Kenya, 1992 hadi 2002

Wanajumuiya wenzangu, kila uchaguzi wa nyumbani ukikaribia, hapa bwenini swali huwa lile lile: refa akiwa wao, tuingie uwanjani kufanya nini? Mimi nilikuwa mtu wa kususia. Kenya ndiyo iliyonibadilisha.

Mwaka 1992 Moi alishinda kwa asilimia 36 tu ya kura. Zilizobaki, karibu zote waligawana Matiba, Kibaki na Oginga Odinga. Vitisho na ghasia zilikuwepo, ni kweli, lakini jamani, mgawanyiko ule walijitakia wenyewe. Mwaka 1997 wakarudia, Moi akapita kwa asilimia 40.

Hata hivyo hawakulala. Maandamano ya 1997 yaliilazimisha serikali kukaa mezani, na wapinzani wakapata kupendekeza makamishna wa tume ya uchaguzi. Kufika 2002, kura zikahesabiwa pale pale vituoni, basi kuzichezea njiani ikawa kazi. Katiba ikamzuia Moi kugombea tena, KANU ikapasuka, Raila akatamka "Kibaki tosha", na NARC ikashinda kwa asilimia 62.

Zanzibar, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016. Hasira yao naielewa. Lakini Baraza la Wawakilishi likabaki karibu lote la CCM.

Kwa hiyo nasema: daini kanuni, unganeni, lindeni vituo. Na mkisusia, je, kesho yake mna mpango gani?