Somo: Sikukuu na jirani asiye na kitu – tujifunze kutoka kwa Waberberi

Wengi wetu tunaofanya kazi na vikundi vya vijijini tumeliona jambo hili. Familia haina karo ya shule, lakini sikukuu ikikaribia inakopa fedha na kununua mbuzi. Mgeni anasema, "Huu ni ubadhirifu." Mwenye nyumba hajibu kitu. Anajua kwamba siku hiyo watoto wake watasikia harufu ya nyama kwa majirani na kuuliza kwa nini kwao hakuna.

Ni nani mwenye haki hapo? Kabla hatujajibu, tuwatazame Waberberi wa Afrika ya Kaskazini. Sikukuu zao zinatufundisha kwamba swali la kuuliza si gharama peke yake. Tuulize pia: sikukuu hii inamfanyia nini mtu asiye na kitu?

Waberberi ni nani?

Waberberi ni wenyeji wa kale wa Afrika ya Kaskazini. Wenyewe hujiita Imazighen, neno ambalo mara nyingi hutafsiriwa "watu huru". Wengi wanaishi Moroko na Aljeria, na wengine Tunisia, Libya, Mali na Niger. Lugha yao, Tamazight, ilifanywa kuwa lugha rasmi Moroko mwaka 2011 na Aljeria mwaka 2016. Karibu wote ni Waislamu wa Sunni. Wachache, kama wale wa bonde la Mzab huko Aljeria, ni Waibadhi, madhehebu yanayojulikana pia Oman na Zanzibar.

Kalenda mbili katika nyumba moja

Mkulima wa Kiberberi hufuata kalenda mbili. Ya kwanza ni ya jua. Ilianza tangu enzi za Warumi, na ndiyo inayomwambia wakati wa kulima, kupanda na kuvuna. Ya pili ni ya mwezi, ya Kiislamu, nayo inamwambia wakati wa kufunga, kutoa zaka na kuchinja. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi husogea kila mwaka na kupita katika majira yote.

Msomaji wa Zanzibar hatashangaa. Watu wa Makunduchi nao huadhimisha Mwaka Kogwa mwezi Julai kwa hesabu ya jua, huku wakingoja mwandamo wa mwezi kwa ajili ya Ramadhani.

Jambo hili lina maana kwa kazi zetu. Idi ikiangukia baada ya mavuno, nyumba nyingi zina chakula. Ikiangukia kabla ya mavuno, ghala ni tupu. Sikukuu ni ileile, lakini mzigo wake kwa maskini si uleule.

Yennayer: mwaka mpya wa mkulima

Mwaka mpya wa Waberberi huitwa Yennayer. Aljeria huuadhimisha tarehe 12 Januari, nao umekuwa siku ya mapumziko ya taifa tangu mwaka 2018. Moroko iliufanya siku ya mapumziko kuanzia tarehe 14 Januari 2024. Sherehe yenyewe ni ya zamani sana. Hesabu ya miaka inayotumika leo, inayoanzia mwaka 950 kabla ya Kristo, iliwekwa katika karne ya 20 na wanaharakati wa utamaduni wa Kiberberi. Kwa hesabu hiyo, Januari 2026 ulianza mwaka 2976.

Usiku huo watu hula na kushiba, kwa matumaini kwamba mwaka utakuwa wa shibe. Sehemu nyingi hupikwa kuskusi kwa mboga za aina saba. Katika eneo la Souss, kusini mwa Moroko, hupikwa uji mzito uitwao tagula, na ndani yake hufichwa kokwa ya tende. Atakayeikuta huhesabiwa mwenye bahati mwaka huo, awe baba mwenye nyumba au mtoto mdogo kuliko wote.

Wazee husimulia pia hadithi ya bibi kizee mwenye mbuzi. Mwezi wa Januari ulipokuwa unakwisha, aliucheka baridi yake kwamba imeshindwa kumdhuru. Januari akakasirika, akaazima siku moja kutoka kwa Februari, akaleta dhoruba na kumwua bibi yule kwa baridi. Mafunzo yake ni wazi kwa kila mkulima: usimalize akiba yako kabla majira magumu hayajapita.

Timechret: fungu sawa kwa kila nyumba

Katika milima ya Kabylia, Aljeria, kuna desturi iitwayo timechret. Baraza la kijiji huamua siku, mara nyingi karibu na Ashura, Maulidi, Yennayer au mwanzo wa kulima. Kila mtu huchanga kwa kadiri ya uwezo wake, na wana wa kijiji walio mjini au Ufaransa hutuma fedha. Ng'ombe hununuliwa na kuchinjwa mbele ya watu wote, na nyama hugawanywa katika mafungu yaliyo sawa.

Hapa ndipo penye hekima. Aliyechanga kingi na asiyechanga kitu hupata fungu la namna moja. Mjane hapokei sadaka mlangoni pa tajiri. Anachukua fungu lake kwa sababu yeye ni mtu wa kijiji. Hakuna anayeona aibu, na hakuna anayeingia katika deni.

Ashura: siku ya watoto na ya zaka

Ashura ni tarehe 10 Muharram, yaani Mfunguo Nne. Moroko, Waarabu na Waberberi huiadhimisha kwa furaha. Watoto hupewa vitu vya kuchezea na ngoma ndogo za udongo, na familia hula matunda makavu, njugu na lozi. Pia wengi hutoa zaka wakati huu. Zaka ya fedha ni asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima wa mwezi. Muharram ni mwezi wa kwanza, kwa hiyo ni rahisi kukumbuka wakati wa kuhesabu. Furaha ya mtoto na haki ya maskini zimewekwa katika siku moja.

Idi bila kondoo: mwaka 2025

Waberberi wengi wa Moroko huita Idi ya kuchinja Tafaska. Wataalamu wa lugha wengi hulihusisha neno hili na Pasaka. Ni sikukuu kubwa kuliko zote, na kila familia hutaka kondoo wake. Asiye na fedha huuza kitu au hukopa.

Tarehe 26 Februari 2025, barua ya Mfalme Mohammed VI ilisomwa kwenye televisheni. Aliwaomba wananchi wasichinje mwaka huo, kwa sababu ukame na hali ngumu ya uchumi vilikuwa vimepunguza sana mifugo, na kuchinja kungewaumiza hasa watu wa kipato kidogo. Alikumbusha kwamba kuchinja ni sunna kwa mwenye uwezo, akasema atachinja kwa niaba ya watu wake. Baba yake, Hassan II, alitoa ombi kama hilo mwaka 1996.

Tufikirie baba ambaye angekopa. Kwa miaka mingi dini haikumlazimisha kununua kondoo asiyemweza. Kilichomlazimisha ni macho ya majirani. Jirani zake walipoombwa wote kuacha, naye aliweza kuacha bila aibu. Hapa tunajifunza jambo muhimu: mzigo uliowekwa na jamii nzima hauwezi kuondolewa na mtu mmoja. Kumhubiria mtu huyo kuhusu bajeti hakutoshi. Jamii yenyewe ndiyo ikae na kukubaliana.

Maandiko yanasemaje?

Someni Kumbukumbu la Torati 16:9-17. Waisraeli wanaagizwa kufurahi katika sikukuu, lakini orodha ya walioalikwa ina mtumwa, mgeni, yatima na mjane. Tena kila mtu atoe kama awezavyo. Ndugu zetu Waislamu wanaweza kusoma Sura ya 22 (Hajj), aya ya 28 na ya 36. Humo nyama ya kuchinja inaelekezwa kwa wahitaji, kwa yule anayeomba na hata kwa yule asiyeomba. Huyu wa pili ndiye tunayemsahau mara nyingi, kwa sababu amenyamaza.

Zoezi la kikundi: kalenda ya sikukuu

1. Chora duara kubwa chini, na uligawe katika miezi 12.
2. Weka mawe kuonyesha miezi ya mvua, kulima, njaa na mavuno.
3. Weka majani kuonyesha sikukuu zote za dini na za mila. Kwa sikukuu za Kiislamu, onyesha zilipokuwa miaka mitatu iliyopita na zilipo sasa.
4. Weka punje za mahindi mahali ambapo familia hukopa.
5. Wanawake na wanaume wafanye zoezi hili mbalimbali, kisha walinganishe. Mara nyingi wanawake wanajua madeni ambayo wanaume hawayataji.

Maswali ya majadiliano

• Katika jamii yetu, ni sikukuu gani inayomwachia maskini deni? Ni ipi inayompa fungu lake bila aibu?
• Ni nani ananyamaza nyumbani siku ya sikukuu? Tulijuaje?
• Je, tuna desturi ya zamani iliyofanana na timechret? Ilikomeshwa na nini, na tunaweza kuianzisha tena?
• Kama tungetaka kupunguza gharama za sikukuu au harusi, ni nani anayepaswa kusema kwanza ili wengine waweze kufuata bila kuona haya?

Msimalize mkutano bila kuchagua jambo moja dogo la kufanya kabla ya sikukuu ijayo, na mtu wa kulifuatilia.