MACHOZI SI KUKOSA SUBIRA
Darsa juu ya mtoto mgonjwa aliyetangulia mbele ya Haki

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, baba mmoja alitujia baada ya darsa ya Alasiri akasema: "Sheikh, mke wangu angali akiikunja na kuikunjua kanzu ya marehemu mtoto wetu, na huku analia. Jamaa zangu wasema huko ni kutoridhika na kadari. Na wengine wanishauri nimwache, eti ana nuhusi, hazai ila mgonjwa. Nifanyeje?"

Mtoto huyo twamjua, kwani alisoma chuoni petu. Alikuwa na maradhi ya selimundu, ambayo wengi huyaita sikoseli. Kila siku alikuja na chupa yake ya maji. Kusi ikivuma na baridi ikiingia, viungo vilimuuma hata asiweze kushika kalamu. Siku za uzima babake alimpakia baiskeli. Siku za maumivu nyanyake alikaa naye akimkanda miguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, naye akimsomea sura alizohifadhi, na akikosea bibi humsahihisha. Alifika Suratul-Buruj, hakuvuka.

Jawabu yetu ni katika mambo matatu.

La kwanza: machozi. Mtume (S.A.W.) alikuwa na mwana, Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Mariya mwaka 8 wa Hijra. Alinyonyeshwa na mke wa mhunzi mmoja pembezoni mwa Madina, na Mtume alikuwa akienda huko, akiingia nyumba iliyojaa moshi wa uhunzi, akimchukua mwanawe na kumbusu, kisha akirudi. Mtoto alipokuwa akikata roho, naye hajatimiza miaka 2, macho ya Mtume yalitiririka machozi. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alistaajabu, akajibiwa kwamba hiyo ni rehema. Jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Basi kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kupasua nguo. Mama anayelia juu ya kanzu ya mwanawe hakufanya lolote katika hayo.

La pili: nuhusi. Siku ile aliyokufa Ibrahim, mwaka 10 wa Hijra (632), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wa Mtume. Lau angekuwa mtu wa kutafuta utukufu angeliwanyamazia. Lakini aliwasalisha, kisha akawabainishia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu. Havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Enyi wenzetu! Ikiwa jua halikupatwa kwa kufa mwana wa Mtume, vipi mtoto wa mtaani petu afe kwa nuhusi ya mamake?

Sababu ya maradhi haya yajulikana. Chembe nyekundu za damu, ambazo asili yake ni mviringo, hujikunja kama mundu zikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo yatokapo maumivu. Daktari James Herrick wa Chicago aliziandikia habari zake mwaka 1910. Mtoto hayapati ila amerithi kwa wazazi wote wawili, baba na mama. Wazazi wenyewe mara nyingi huwa wazima, hawana habari. Na kila mimba yao ina fungu 1 katika 4 la kuzaa mtoto mgonjwa. Basi anayemwita mama nuhusi, na amwite baba hivyo hivyo! Tena mwaka 1954 Anthony Allison, aliyepima damu za watu wa Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu urithi huu umeenea katika nchi za malaria kama pwani yetu. Kilichowakinga wazee wetu leo twakiita mkosi!

La tatu: namna ya kumkumbuka. Aliyekufa kabla ya kubaleghe hana hesabu, na wazazi wenye kusubiri wameahidiwa malipo makubwa. Hahitaji karamu ya kukopa wala hahitaji kupungiwa pepo. Na atajwe kwa jina lake na wema wake, wala maradhi yake yasifichwe kama aibu, kwani kuyaficha ndiko kunakowapeleka watoto wengine kwenye hirizi na chale hali tiba ipo. Mtume ametuamrisha kujitibu. Leo kuna penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo, kuna chandarua, na kuna dawa ya haidroksiyurea, ambayo uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa kituo kimoja, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo. Vijana wanaotaka kuoana nao wapimwe damu mapema, wajue. Na anayetaka kutoa sadaka kwa ajili ya mtoto kama huyu, na atoe damu yake hospitali. Wako wagonjwa wanaoingoja.

Tulimwambia baba huyo arudi kwake, akae na mkewe, aikunje kanzu ile pamoja naye, na kesho yake ampeleke binti yao mdogo akapimwe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sikujua kwamba nami nina sehemu." Akaenda zake nyumbani.

Mwenyezi Mungu amjaalie mtoto huyo awe kitangulizi cha kheri kwa wazazi wake, na atuongoze sote. Amin.