Kabla ya masika, utambue mti wa Celtis unaoupanda

Masika yakikaribia, wakulima wengi huingia kando ya msitu kuokota miche iliyojiotea chini ya miti, wakaihamishia mipakani mwa mashamba. Kwa miti ya Celtis siupendi mtindo huo. Katika msitu wa Kakamega, Celtis africana na Celtis gomphophylla humea pamoja, na miche yao huchanganyika. Jani la mche mchanga nalo hudanganya, kwa hiyo mti wa kukaguliwa ni mzazi. Miti yote miwili ina mishipa mitatu mikuu inayoanzia kwenye kikonyo cha jani. Tofauti iko ukingoni. Jani la africana lina meno kuanzia karibu na katikati hadi nchani, na likiwa changa utahisi vinyweleo ukilipapasa. La gomphophylla ni laini, halina meno au linayo machache tu juu, na ncha yake ni ndefu iliyochongoka.

Anayelima penye kiangazi kirefu achague africana. Mti huu umeenea kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, msituni na hata kwenye vilima vya mawe, na hustahimili ukame kwa kupukutisha majani. Gomphophylla ni mti wa misitu yenye unyevu. Aliye jirani na Kakamega anaweza kuupanda bila hofu, lakini usipelekwe Ukambani kukavu ukategemewa. Wapo watakaosema mti unaopukutika kiangazini hauna faida kwa mfugaji, maana mbuzi huwa na njaa wakati huohuo. Ni kweli, na dawa yake ni kukata matawi mvua zinapoisha na kuanika majani kivulini yawe akiba ya malisho. Yatakayoanguka yenyewe yatarutubisha udongo. Wengine watauliza kwa nini wasipande mgrivelea, unaokua haraka na kunyooka. Kwa mbao, wapande huo. Ila mbuzi hawaupendi, na kwa mpini wa shoka mti mgumu usiopasuka ovyo kama africana ni bora zaidi.

Basi acha miche ya kuokota. Chuma matunda yaliyoiva tawini, kwenye mti uliokwisha kuutambua, kabla ndege hawajayamaliza. Ondoa nyama yake, osha mbegu, zikaushe kivulini na uzisie zikiwa mbichi kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Kitalu kiwe na kivuli chepesi, na miche izoeshwe jua kidogo kidogo kabla ya kuhamishiwa shambani.