Unagombea Kamati ya Shule? Njoo na Vipaumbele Vitatu

Mkutano wa wazazi umetangazwa, nawe umeamua kugombea ujumbe wa kamati ya shule ya msingi mtaani kwenu. Hongera. Utapewa dakika chache tu za kujieleza, kwa hiyo chagua mambo machache ambayo wazazi wataweza kukudai baadaye.

Tembelea shule kwanza. Nenda siku ya masomo, piga hodi kwa mwalimu mkuu na umweleze nia yako. Yeye ndiye katibu wa kamati, kwa hiyo mtafanya kazi pamoja. Mwombe takwimu tatu: idadi ya wanafunzi, ya walimu na ya matundu ya choo.

Usiahidi yasiyo mikononi mwako. Kamati haiajiri walimu wala haipangi mtaala. Ahidi kufuatilia. Kiwango cha serikali ya Tanzania kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kama upungufu upo, hakikisha barua imeandikwa, imefika kwa Afisa Elimu Kata, na nakala imebaki kwenye faili.

Kipaumbele cha kwanza kiwe kusoma. Mpe mtoto wa darasa la tatu aya fupi ya Kiswahili, kisha msikilize. Akikokota silabi moja moja huku kidole kikifuata kila herufi, huyo bado, na masomo ya mbele yatamlemea. Pendekeza kila muhula wazazi waalikwe darasani kusikiliza watoto wao wakisoma. Ulizia vitabu pia: viko mikononi mwa watoto, au vimefungiwa kabatini?

Cha pili, choo na maji. Mwongozo wa serikali wa vyoo vya shule unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 15 ya wasichana peke yao. Hesabu yaliyopo. Kisha angalia milango: ina komeo kwa ndani? Ndoo ya kunawia ina maji? Binti aliyevunja ungo akikosa mlango unaofungika, siku za hedhi atabaki nyumbani. Komeo halisubiri bajeti kubwa. Anza nalo.

Cha tatu, fedha zionekane. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, shule hupokea ruzuku ya uendeshaji. Kiwango kilichowekwa ni Sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka: Sh. 6,000 zinazotumwa shuleni na Sh. 4,000 za vitabu. Kwa hizo Sh. 6,000, shule ya watoto 600 inapaswa kupokea Sh. 3,600,000 kwa mwaka, sawa na Sh. 300,000 kwa mwezi. Piga hesabu ya shule yenu mbele ya wazazi. Ahidi kwamba mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwezi, kwa maandishi yanayosomeka. Usimnyooshee kidole mwalimu mkuu. Hesabu zikiwa wazi, yeye ndiye wa kwanza kulindwa.

Suala la chakula litaibuka, jiandae. Mtoto mwenye njaa hashiki somo. Wazazi wakubaliane wenyewe: mahindi na maharage kiasi gani, nani anapokea, nani anaandika. Asiye na mahindi achangie kuni au nguvu zake. Simamia jambo moja bila kuyumba: mtoto asirudishwe nyumbani wala kunyimwa uji kwa sababu ya deni la mzazi wake.

Siku ya kura, sema kwa kifupi. Taja jina lako, darasa la mwanao, vipaumbele vyako vitatu, na jambo moja utakalolikamilisha muhula wa kwanza. Kisha kaa. Wazazi wameacha shughuli zao.

Ukichaguliwa, rudi na taarifa. Mkutano unaofuata, eleza kilichofanyika, kilichokwama na kimekwama kwa nani. Wapo watoto ambao wazazi wao hawafiki mikutanoni. Wasemee na hao.

Kura zisipotosha, usisuse. Mkabidhi aliyeshinda takwimu ulizokusanya, mweleze ulichokiona vyooni na madarasani, kisha uhudhurie mkutano ujao na kuuliza kuhusu ubao wa matangazo. Haki hiyo unayo kama mzazi, hata bila cheo.