SOMO LA MWEZI: MASANDUKU MATATU, NA MTU MMOJA WA KUSINDIKIZA

Masomo ya kusoma mbele ya kukutana: Matendo 6:1-7, 1 Wakorinto 16:1-4, 2 Wakorinto 8:16-21.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya komite za huruma za paroisi zetu. Lakini kila mtu anayetia franka yake katika kitunga afuate pia, maana feza ni yake.

1. Jambo lililotupata

Mwaka wa 2011, hapa Bukavu, mke wa ndugu mmoja wa koro yetu alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto alikuwa mzima. Fakture ya hospitali ilikuwa dolari 120, na mume alikuwa na 35. Mnajua yanayofuata: mama hatoki. Alilala pale siku 19 baada ya munganga kusema kwamba amepona, na kila siku ya kitanda ikaandikwa juu ya deni. Katika juma la pili mtoto akashikwa na homa, dawa zikaongezwa juu yake.

Mimi nilikuwa sekretere wa komite ya huruma. Tulifungua daftari: dolari 310. Tukafungua sanduku: dolari 14.

Hakuna mwizi. Nasema hivi kwa sababu watu wengi, wakisikia habari ya sanduku tupu, wanatafuta mwizi kwanza. Tulisoma daftari mstari kwa mstari. Mama mmoja muuza sambaza alikuwa amekopeshwa ili aanze tena biashara yake. Feza nyingine ilinunua mabati, maana mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mimbara. Nyingine ilisafirisha koro kwenda kwenye maziko ya mzee wa kanisa. Kila jambo lilikuwa jema, na kila mara wote tulisema ndiyo. Na yule mama akabaki kitandani mpaka mume wake akauza cherehani yake, ile aliyokuwa akishonea nguo za kulisha nyumba. Alitoka hospitalini na mtoto mgongoni, lakini bila kazi.

2. Wajane wa Yerusalema

Tusome Matendo 6. Kanisa la kwanza lilikuwa na feza, kwa maana watu walikuwa wakiuza mali zao na kuleta. Lilikuwa pia na upendo. Lakini wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawanyaji wa kila siku. Mitume hawakuwaambia watu watoe zaidi. Waliwaambia wachague watu saba wenye sifa njema, wakaweka kazi ile mikononi mwao. Angalieni majina ya wale saba: ni ya Kigiriki. Waliosimamia meza walijua luga ya wale waliosahauliwa.

Tena Paulo, alipopeleka mchango wa makanisa Yerusalema, hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, ili mtu asipate neno la kumlaumu juu ya feza nyingi namna ile. Kama mtume aliona lazima awe na mashahidi, sisi ni nani?

3. Masanduku matatu

Wengi wetu tunajua likelemba, ao likirimba kama wengine wanavyoita: leo tunakusanya kwa ajili yako, juma lijalo kwa ajili yangu. Ni jambo zuri, lakini ugonjwa haungoji zamu yako.

Katika Kivu kuna vikundi vinavyoitwa MUSO, ndiyo kusema mutuelle de solidarité. Huko feza haikai katika sanduku moja. La kwanza ni la kijani. Kila mshiriki anaweka akiba yake humo, na kikundi kinakopesha kutoka humo kwa faida kidogo. Akiba ya mtu inabaki mali yake, na akiondoka inarudi kwake. La pili ni jekundu. Humo kila mmoja anatia kiasi kidogo ambacho hatakiona tena: ni cha ugonjwa, kifo, nyumba kuungua. Anayesaidiwa kutoka humo hana deni. La tatu ni la buluu, ni la feza inayotoka inje, ambayo mara nyingi ni mkopo wa kurudishwa.

Kila sanduku lina daftari lake, na feza inahesabiwa mbele ya wote. Vikundi ndugu vya MUSO, vile tunavyoita AVEC, vina ufundi mwingine: sanduku lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu tofauti. Namna hiyo ilianza Niger mwaka wa 1991, kwa wanawake wa vijijini. Wengi wao hawakuwa wamesoma, lakini hesabu yao ilikuwa safi kuliko yetu sisi wenye diploma.

Sasa mnaona kosa letu. Mama wa sambaza alipaswa kukopeshwa kutoka kijani. Mabati na safari ya koro vilikuwa kazi ya sadaka ya kanisa, havikuwa vya huruma hata kidogo. Na mama wa hospitali alikuwa wa jekundu, lakini jekundu letu lilikuwa halipo.

Hata hivyo halikuwa jambo la watu matajiri. Tulikuwa washiriki 25. Kama kila mmoja angetia franka 500 kwa juma katika jekundu, ingekuwa franka 12.500 kwa juma, na 50.000 kwa majuma manne. Wakati ule dolari moja ilikuwa karibu franka 920. Kwa miezi mitatu tungepita dolari 160. Cherehani ingebaki nyumbani.

4. Feza ya mbali na feza ya karibu

Wengine watasema: tuandike proje, wazungu watatoa. Tutazame basi hospitali ya Panzi, iliyo hapa kwetu, nasi sote tunaijua.

Munganga Denis Mukwege alikuwa akiongoza hospitali ya Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996 ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka wa 1999 Panzi ilianza, chini ya kanisa la CEPAC, kwa msaada wa makanisa ya Kipentekoste ya Swideni kupitia shirika lao PMU. Wazo la kwanza lilikuwa mahali pa kuzalisha wamama, lakini vita ikaleta wanawake walioharibiwa. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ulisaidia kuwatunza. Fistula Foundation ya Marekani nayo hutoa feza ya kupasua wenye fistula. Mwaka wa 2008 Fondation Panzi iliundwa kusimamia kazi zinazopita kuta za hospitali.

Mambo haya ni makubwa, na hatuyazarau. Lakini feza ya mbali inakuja na barua. Barua inasema feza ni ya kazi gani, ya wagonjwa wa namna gani, mpaka tarehe gani, na raporo iletwe lini. Feza ya fistula hailipi moto wa kumrudisha mama kijijini, wala chakula cha mtoto aliyekuja naye, kama havikuandikwa. Si ubaya. Yule aliye mbali ana haki ya kujua franka yake imelala wapi, kama Paulo alivyoona. Lakini maisha ya mtu yanapita katikati ya mistari ya barua, na pale katikati ndipo franka 500 za jirani zinapofanya kazi.

Tena feza ya mbali inaweza kukatika siku moja. Mwaka wa 2025 Marekani ilifunga shirika lake la USAID, na kazi nyingi zikasimama. Mwaka huohuo M23 waliingia Goma katika Januari na Bukavu katika Februari, na benki zikafunga milango. Aliyekuwa na feza katika benki akawa kama asiye nayo.

Wala tusizani kwamba feza ya karibu ni ya mambo madogo tu. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimshambulia munganga Mukwege nyumbani kwake. Aliponea chupuchupu, akakimbilia inje na jamaa yake. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliandika barua kwa wakubwa kuomba arudishwe. Halafu wakaanza kuuza nanasi na vitunguu ili kukusanya feza ya tikiti yake ya ndege. Januari 2013 alirudi. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba ni wale wanawake waliomrudisha.

5. Mtu wa kusindikiza

Kugawanya feza vizuri ni nusu ya kazi. Panzi waliona kwamba mwanamke aliyetendewa jeuri anahitaji mambo manne: munganga wa mwili, mtu wa kutuliza roho yake, mtu wa sheria, na kazi ya kumlisha. Kama kila kimoja kiko mtaa wake, na kila mahali anaanza tena kueleza habari yake ya aibu, atachoka na kurudi nyumbani na jeraha lake. Kwa hiyo waliyaweka mambo manne pamoja. Wale wasioweza kurudi makwao hupokelewa katika Maison Dorcas, wanajifunza kushona, kufuma vitunga, kusoma na kuandika, na wanaingia katika vikundi vya MUSO.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni wale wanaoitwa maman chérie. Mgonjwa akifika anapewa mama mmoja. Mama huyo si munganga. Anamsikiliza na kumsindikiza kutoka mlango hadi mlango, anajua jina lake na ya mtoto wake.

Kwetu mwaka wa 2011 watu saba wa kanisa walimtembelea yule mama hospitalini, kila mmoja na sabuni ao ndizi zake. Hakuna aliyemuuliza muhasibu kama deni linaweza kulipwa kidogo kidogo. Kila mmoja alizani mwenzake ameuliza.

Tangu hapo paroisi yetu ina jekundu lake, na kila mgonjwa anaandikiwa mama mmoja wa kumsindikiza. Si kwamba kila kitu kimenyooka. Mara mbili tumekopesha kutoka jekundu "kwa siku tatu tu", na mara mbili siku tatu zimekuwa miezi.

6. Maulizo ya kujibu pamoja

Komite ijibu mbele ya washiriki wote, na daftari mkononi. Leo kuna feza gani katika sanduku, si katika daftari? Nani anashika ufunguo, na akisafiri anamwachia nani? Ni jambo gani la mwisho tulilolipa kwa feza ya huruma ambalo halikuwa huruma? Ni nani katika paroisi yetu anayezungumza luga ambayo hakuna mtu wa komite anayeisikia? Na yule mgonjwa tuliyemwombea Siku ya Mungu iliyopita, anasindikizwa na nani?